Jezi ya mitumba ya Kiboriloni na mji uliojengwa kwa moshi

Jumamosi ya juzi nilienda Kiboriloni kutafuta masweta ya watoto maana baridi ya Moshi mwaka huu imewahi, na si mnaijua Kiboriloni, unaenda kutafuta sweta unarudi na pazia. Kijana mmoja alikuwa ndo kwanza amefungua belo la jezi, watu wamelizunguka wanagombania za Arsenal na za Chelsea, na chini kabisa naona kitu cheupe kimekunjamana, kina ndege mweusi kifuani. Nikaishika. Moyo ulinipiga kabisa, sidanganyi. Jezi ya Swansea City.

Yule kijana akaniona naikazia macho akasema "mkubwa chukua hiyo, original kabisa, Uingereza hiyo, hao jamaa wana bata lao hapo kifuani". Nikamwambia kaka huyu si bata wa kawaida, ni yule wa shingo ndefu, na kwanza hii timu si ya England, ni ya Wales, nchi nyingine kabisa japo wote sisi tunawaita Uingereza. Akanitazama tu akasema elfu saba. Tukamalizana kwa elfu tano, na sweta nikasahau.

Sasa nimekaa hapa nyumbani, jezi iko kwenye kamba inakauka, nimeona niandike kuhusu huo mji, maana niliishi pale mwaka mzima, kuanzia Septemba 2012 mpaka Septemba 2013, nikisoma masta, na tangu nirudi kila mtu akiniuliza Ulaya ulikuwa wapi nikisema Swansea ananijibu "ahaa London" na mazungumzo yanaishia hapo. Mji ule haustahili kuishia hapo.

Jina kwanza. Watu wengi wanadhani Swansea inatokana na huyo ndege, kwa Kiingereza anaitwa swan, kumbe sivyo, linasemekana ni jina lililoachwa na mabaharia wa kutoka Skandinavia, maana yake kisiwa cha Svein, Svein ni jina la mtu. Ndege kaja baadaye kwa sababu ya kufanana kwa matamshi tu. Wenyewe Wawelshi wanauita Abertawe, yaani mlango wa mto Tawe, pale mto unapoingia baharini, na jina hilo ndilo linalokwambia ukweli wa mji wenyewe, mto unashuka kutoka milimani, unapita kwenye bonde jembamba, unamwagika kwenye ghuba iliyopinda kama mundu. Kila kitu kilichoupata huo mji, kizuri na kibaya, kimepita kwenye huo mto.

Siku ya kwanza nimefika mwenye nyumba niliyopanga chumba, mzee mmoja wa mtaa wa Landore, akaniuliza kwenu wapi, nikamwambia Tanzania, mji unaitwa Moshi. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia kwa Kiswahili moshi ni ule unaotoka kwenye moto. Yule mzee akanyamaza kidogo akasema basi umefika nyumbani, maana hapa ulipokaa ndipo ulipotoka moshi mbaya kuliko wote Wales nzima. Nikadhani ni stori za wazee tu. Kesho yake akanitembeza.

Iko hivi. Karne ya 18 na ya 19 Swansea ndiyo ilikuwa jiko la shaba la dunia. Shaba yenyewe haikuwepo pale, hapo ndo watu huwa wanashangaa. Walichokuwa nacho ni makaa ya mawe, tena karibu karibu na juu ya ardhi na karibu na mto unaopitisha meli. Kuyeyusha mawe ya shaba kwa njia za zamani kulikuwa kunakula makaa kupita kiasi, tani kadhaa za makaa kwa kila tani moja ya mawe, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuyapeleka mawe kwenye makaa kuliko kupeleka makaa kwenye mawe. Ni hesabu ile ile ya mama ntilie anayekaa karibu na kuni na maji, mchele ataletewa. Kiwanda cha kwanza kwenye lile bonde kilijengwa 1717, mawe yakawa yanavushwa na meli kutoka Cornwall ng'ambo ya bahari, viwanda vikaongezeka kimoja baada ya kingine kwenye kingo za mto, na kufikia miaka ya 1820 karibu asilimia 90 ya uyeyushaji wote wa shaba Uingereza ulikuwa unafanyika ndani ya maili 20 kutoka Swansea. Baadaye Cornwall haikutosha tena, mawe yakaanza kuletwa kutoka Cuba, Chile, mpaka Australia. Meli za Swansea zilikuwa zinabeba makaa zinazunguka Cape Horn, ile ncha ya kusini kabisa ya Amerika yenye mawimbi ya kuua, zinarudi na shaba. Mzee wangu alikuwa na picha ya zamani ya meli moja ukutani, na kila akiipita anaigusa fremu kwa kidole, sijawahi kumwuliza kwa nini.

Kulikuwa na familia inaitwa Vivian. Walianza kiwanda chao sehemu ya Hafod mwaka 1810, kikaja kuwa kati ya vikubwa kabisa duniani, wakajenga nyumba za wafanyakazi, shule, na wao wenyewe wakakaa kwenye jumba lao Singleton, upande wa magharibi ya mji. Na hapa nataka msomaji aone kitu. Upepo wa pale mara nyingi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Moshi wa shaba, wenye salfa na aseniki, ulikuwa unapelekwa upande wa mashariki, kwenye kilima cha Kilvey na vijiji vya huko, na matajiri wote wakajenga magharibi. Mpaka leo ukitembea unaona, magharibi nyumba kubwa na bustani, mashariki nyumba za safu zimebanana. Na hakuna mtu aliyeandika sheria kwamba maskini wakae huku, upepo ulipanga na pesa ikafuata upepo. Nilipokuwa nasimama pale nilikuwa nawaza mitaa ya kwetu Moshi, Shanti Tauni ya wenye nazo na Pasua ya wasio nazo, nani kapanga nani akae wapi.

Wakulima walilalamika, ng'ombe walikuwa wanavimba miguu na kufa, nyasi zinanyauka, wakaenda mahakamani, na wenye viwanda wakashinda. Nisiwaonee, akina Vivian walijaribu kupunguza ule moshi, waliwaita hata wanasayansi wakubwa wa wakati ule akina Humphry Davy na Michael Faraday wawashauri, lakini moshi uliendelea miaka mingi. Kilvey ukabaki uchi. Mzee alinionyesha picha nyeusi na nyeupe za kilima kile, hakuna mti, hakuna kichaka, udongo umechimbika na mvua kama korongo la Same, na chini yake milima ya taka za viwandani.

Hizo taka ndo nataka kuzisema kidogo. Kiswahili tunasema mavi ya chuma, basi haya yalikuwa mavi ya shaba. Ukishayeyusha mawe, shaba inabaki upande mmoja na takataka zinatoka kama uji mweusi wa moto. Walikuwa wanaumwaga tu, lundo juu ya lundo, ila mwingine wakawa wanaumimina kwenye fomu kama za matofali, ukipoa unatoa jiwe, na hayo mawe yapo mpaka leo juu ya kuta za nyumba na za bustani, mzee alikuwa nayo kwenye ukuta wake wa mbele. Jiwe lenyewe ni jeusi lakini si jeusi la mkaa, likilowa mvua (na pale linalowa karibu kila siku) linatoa rangi ya zambarau kama ganda la bilinganya, lina uzito usiotegemea, na ukipitisha kidole unasikia matundu madogo madogo pale mapovu ya moto yalipopasukia. Ninacho kipande, kama ngumi ya mtoto, nimekitumia kuzuia karatasi hapa mezani miaka yote hii. Wanangu wanadhani ni jiwe la Kibo.

Kuna jambo moja sitalipita haraka. Upande wa pili wa mto kulikuwa na kiwanda kinaitwa White Rock, kilianza 1737, kilikuwa na uhusiano na wafanyabiashara wa Bristol, na Bristol wakati ule ilikuwa inafanya biashara ya watumwa waziwazi. Kati ya vitu vilivyotengenezwa pale ni bangili za shaba zinazoitwa manilla, na bangili hizo zilipelekwa Afrika Magharibi kununulia watu. Kwenye ramani ya zamani ya kiwanda kuna jengo zima lililoitwa kwa jina la hizo bangili. Nilienda pale peke yangu Jumapili moja, sasa hivi ni magofu tu na miti, ndege wanaimba, mto unapita taratibu. Nikakaa kwenye ukuta. Mimi si mtu wa Afrika Magharibi lakini nilikaa pale muda mrefu nikawaza mtu mmoja tu, mmoja, aliyepimwa kwa idadi ya bangili zilizotoka kwenye tanuru hili. Mzee niliporudi nikamwambia nilikokuwa. Hakunitetea mji wake. Alisema tu shuleni hawakuwahi kufundishwa hilo, alilijua akiwa mtu mzima, na akanichemshia chai.

Na baharini hawakupokea shaba tu. Septemba 1865, mwaka ambao kiangazi kilikuwa cha joto, meli inaitwa Hecla ikaingia kutoka Cuba na mawe yake, na humo ndani mbu. Homa ya manjano ikalipuka Swansea! Katika bara lote la Uingereza ndiyo mlipuko pekee wa homa ya manjano uliowahi kuandikwa, watu 15 wakafa. Na wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni mbu anayeeneza, walidhani ni hewa mbaya. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kadi yangu ya njano ya chanjo niliyoibeba uwanja wa ndege kama dhahabu.

Mji uliendelea, shaba ikapungua maana Chile na Marekani walianza kuyeyusha wenyewe, ikaja bati, ikaja nikeli, zinki. Alafu vita. Februari 1941, usiku wa tarehe 19, 20 na 21, usiku tatu mfululizo, ndege za Wajerumani ziliupiga katikati ya mji mpaka ukabaki majivu, watu 230 walikufa. Soko kubwa lenye paa la vioo likaanguka, kanisa la Mtakatifu Maria likaungua likabaki kuta. Ndo maana ukifika Swansea leo unashangaa, mbona mji wa zamani hivi katikati umejaa majengo ya zege yasiyo na sura. Ngome ya kale ipo bado, gofu dogo lenye matao juu, limebanwa na majengo na mabasi yanapita pembeni, na wanafunzi wanakaa mbele yake wanakula chipsi. Wageni wengi wanaushusha huo mji kwa sababu ya hayo majengo, wanasema ni mbaya, na mimi inaniuma kila nikisikia, maana mtu hajauliza ulipatwa na nini.

Soko lilijengwa upya likafunguliwa 1961, na pale ndo palikuwa kwangu. Mama yangu ameuza ndizi Mbuyuni miaka mingi, kwa hiyo mimi popote nikienda nikishaona soko nimeona watu. Katikati ya soko la Swansea kuna duara la meza za akina mama wanaouza kome wadogo waliochemshwa, wanatoka kijiji cha Penclawdd kwenye rasi ya Gower, ni kazi ya akina mama vizazi na vizazi, zamani walikuwa wanaingia maji yakipwa na punda wao, wanachokoa mchangani, wanarudi kabla maji hayajajaa. Na maji ya pale si mchezo, yakipwa na yakijaa tofauti yake inaweza kufika mita 10, ni kati ya bahari zenye tofauti kubwa kabisa duniani, asubuhi unaona bahari, mchana unaona uwanja wa matope hadi macho yanachoka. Kulikuwa na mpango wa kujenga ukuta baharini wa kuzalisha umeme kwa hayo maji, serikali ya London ikaukataa 2018 ikasema ni ghali. Mzee aliniandikia siku hiyo, ujumbe mrefu na wa hasira, sijawahi kupata mwingine kama ule kwake.

Kwenye meza hizo hizo wanauza kitu kinaitwa laverbread, kwa Kiwelshi bara lawr, jina linasema mkate lakini ni mwani, unachemshwa masaa mengi mpaka unakuwa ujiuji mweusi wa kijani. Ukiuangalia unafikiri ni mnafu uliosahaulika jikoni. Unachanganywa na unga wa oti (oats) unakaangwa na mafuta ya nguruwe, unaliwa asubuhi pamoja na kome. Yule mama wa kwanza niliyenunua kwake aliniita cariad, maana yake mpenzi, nikastuka, kumbe wanamwita kila mtu hivyo, dereva wa basi, mtoto, askari. Ladha yake ni bahari na chuma, mara ya kwanza nikameza kwa heshima tu, mara ya nne nikawa naamka Jumamosi naifuata mwenyewe kwenye mvua.

Mvua. Niiseme tu mara moja. Siyo mvua ya masika ya kwetu inayokuja kwa kishindo ikamaliza kazi ikaondoka, ile inakaa na wewe. Inanyesha kwa pembeni.

Kitu kingine wanachokililia ni treni yao. Tarehe 25 Machi 1807 kwenye ufuo wa Swansea kulianza behewa la kuvutwa na farasi linalochukua abiria wa kulipa nauli kwenda kijiji cha Mumbles, na hiyo inahesabiwa kuwa reli ya kwanza ya abiria duniani. Ya kwanza duniani! Walijaribu hata kufunga tanga ili upepo usukume. Ikaja kuwa ya mvuke 1877, ikawa ya umeme 1929, mabehewa ya ghorofa yamejaa watu wanaenda baharini Jumapili, na Januari 1960 ikafungwa, reli zikang'olewa, wakaweka mabasi. Miaka 50 baadaye nimekaa na wazee wanaizungumzia kama mtu aliyekufa. Mimi niliwaelewa kabisa, maana nimekulia Moshi wakati stesheni yetu ilikuwa kimya, nyasi zimeota kwenye reli, tunacheza pale utotoni bila kujua mlio wa treni ya abiria ukoje, na ilikaa hivyo miaka zaidi ya 20 mpaka Desemba 2019 treni kutoka Dar ilipoingia tena na watu wakajaa stesheni kama wanapokea maiti ya mfalme au harusi, mchanganyiko wa vyote. Nilimtumia mzee video. Akajibu neno moja, kwa Kiwelshi, nikalazimika kumwuliza maana yake. Hiraeth. Akasema ni kutamani nyumbani ambako huenda hakupo tena.

Kuhusu hicho Kiwelshi. Kila kibao cha barabarani kina lugha mbili, ukifika kwenye kona unaona chini kwenye lami imeandikwa ARAF, yaani polepole, na chini yake kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa naona ni mapambo tu mpaka mzee aliponisimulia. Karne ya 19 mtoto akisikika shuleni anaongea Kiwelshi anavalishwa shingoni kipande cha mbao kimeandikwa WN, yaani Welsh Not. Ukimsikia mwenzako anakiongea unamvisha yeye, kinazunguka mchana kutwa, na yule atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Nikamkatiza mzee hapo hapo, nikamwambia subiri, hicho kibao mimi nimekivaa. Na sisemi kwa mfano, shule niliyosoma, sitaitaja, tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba ya katani, ukiongea Kichagga unavaa, ukimnasa mwenzako unampa, na jioni wa mwisho anajua atakavyofanywa. Kamba ile ilikuwa inawasha shingo. Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Watu wawili wametoka kona mbili za dunia, kibao ni kile kile, hata utaratibu wa kuchongeana ni ule ule.

Na matokeo pia. Wazazi wake walikuwa wanaongea Kiwelshi wao kwa wao wakitaka watoto wasielewe, mambo ya pesa na ugonjwa, kwa watoto wanageuza Kiingereza. Wazazi wangu vivyo hivyo, Kichagga kilikuwa lugha ya siri za chumbani, mimi naelewa naambulia, nasalimia shimboni na baada ya hapo nahamia Kiswahili. Lakini mjukuu wa huyo mzee, wakati ule ana miaka sita, alikuwa anasoma shule ya serikali inayofundisha kila kitu kwa Kiwelshi, hesabu, sayansi, kila kitu, na jioni anakuja kumfundisha babu yake kuhesabu. Nimekaa kwenye kile kijisebule nikaona mzee wa karibu miaka 60 anarudia un, dau, tri, na mtoto anamsahihisha kwa ukali kabisa. Swansea wanaoongea Kiwelshi ni wachache, kama mmoja kati ya tisa hivi, wala hawajamaliza kazi. Ila mtoto yule havai kibao.

Narudi Kilvey maana ndo nilipotaka kufika. Kufikia 1960 lile bonde lilikuwa moja ya maeneo makubwa kabisa ya viwanda vilivyokufa Uingereza, malundo ya mavi ya shaba na zinki, magofu ya matanuru, udongo wenye sumu usioota kitu, na hilo ndilo lango la mji, ukija na treni unapita katikati yake. Mwaka 1961 watu wa chuo kikuu, kile kile nilichosoma (na ofisi kuu yake imo ndani ya jumba la Singleton la akina Vivian, yaani pesa ya moshi imegeuka shule), wakishirikiana na halmashauri wakaanzisha mradi wa kulichunguza bonde lote, udongo, maji, nani anamiliki nini, na nini kinaweza kuota. Wakajaribu majani ya kila aina kwenye mavi ya shaba mpaka wakapata yanayovumilia. Alafu miti. Na miti ile haikupandwa na wataalamu peke yao, watoto wa shule walitolewa madarasani wakapewa miche.

Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alipanda akiwa shule ya msingi, alafu alivyokua akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, kile cha mwisho pale Hafod, mpaka kilipofungwa 1980, alafu akapata kazi kwenye ile ofisi kubwa inayotoa leseni za magari za Uingereza nzima, iko Swansea hiyo. Alinipandisha Kilvey siku moja ya Aprili, ukungu, matope, anapumua kwa shida kidogo lakini hataki tupumzike. Juu kule ni msitu kabisa, mipaini mirefu na miti mingine yenye gome jeupe, chini majani yaliyooza, harufu ile ile ya msitu wetu wa Rau asubuhi. Nikamwuliza wako upi. Akazunguka zunguka, akasogea kwenye paini moja, akasema hapana, akasogea kwenye nyingine, mwisho akasema ni mmoja kati ya hii, nilikuwa na miaka tisa na mikono imeganda, mwalimu alisema kandamiza kwa kisigino, nikakandamiza. Akanionyesha jinsi alivyokandamiza. Kwa kisigino, kwenye matope, mzee mzima.

Uwanja wa mpira wa Swansea City uko chini ya kilima hicho, Landore hapo hapo, kwenye bonde lile lile la viwanda, ulifunguliwa 2005. Na hiyo timu ilipitia yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliuzwa kwa pauni moja, mashabiki wakachangishana wakanunua sehemu ya klabu yao, na siku ya mwisho ya msimu wa 2003 ikibidi washinde wasianguke nje ya ligi wakaifunga Hull 4-2. Miaka minane baadaye wako ligi kuu ya England, Premier League, klabu ya kwanza ya Wales kuingia. Mimi nilibahatika kuwepo mjini Swansea Februari 24, 2013, siku ya fainali ya kombe la ligi iliyochezwa Wembley, Swansea na Bradford. Tuliangalia kwa mzee, sebuleni, watu kumi na mbili kwenye chumba cha watu watano, na mbwa wawili. Tano bila. Dyer mawili, de Guzman mawili, Michu moja. Bao la tatu lilipoingia jirani mmoja, mama mtu mzima, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kiwelshi, na chumba kizima kikaitikia kwa sauti nne kama kwaya iliyofanya mazoezi, bila mtu kuhesabu moja mbili. Nimekulia kwenye usharika wa Kilutheri wenye kwaya tatu, sauti za kupangwa nazijua, na zile zilinisimamisha nywele. Wakati huo Moshi ndugu zangu wako kwenye kibanda umiza wananitumia meseji, wewe uko na hao?

Jana usiku nimempigia jezi picha ikiwa kwenye kamba, nyuma inaonekana migomba ya jirani na kipande cha Kibo kimetoka kwenye mawingu, nikamtumia mzee Wasapu. Ana karibu miaka 70 sasa, haoni vizuri, anajibu kwa sauti. Anasema bonde limebadilika tena, pale Hafod sasa wamefungua kiwanda cha kutengeneza wiski ndani ya majengo ya zamani ya shaba, 2023 wamefungua, anasema harufu yake ni nzuri kuliko ile ya utoto wake. Alafu akasema nigeuze jezi aone mgongo.

Nikatoka na tochi ya simu, saa nne usiku, baridi, nikaigeuza. Jina limebanduka lote, zimebaki alama za gundi tu, lakini namba ipo, tisa.

Akanitumia sauti nyingine, fupi. Anacheka tu mpaka inakatika.